Kura, Sanduku na Daftari: Dola na Mageuzi ya Sheria za Uchaguzi Nchini Tanzania, 1958–2025

1.0 Utangulizi

Historia ya uchaguzi nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kama historia ya vyama na viongozi. Wasomi wengi huanza na kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, hupitia uhuru wa mwaka 1961 na Muungano wa mwaka 1964, kisha huishia kwenye kurejea kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini huacha pembeni jambo ambalo mwananchi wa kawaida hukutana nalo ana kwa ana siku ya uchaguzi, yaani utaratibu wenyewe. Ni nani aliyeruhusiwa kuandikishwa? Alipewa karatasi ya namna gani? Aliweka alama yake wapi, na ni nani aliyeihesabu?

Mhadhara huu unachunguza maswali hayo kwa kufuata nyayo mbili kwa pamoja: sheria zilizotungwa na dola, na maneno ya Kiswahili yaliyozaliwa au kubadilika maana kutokana na sheria hizo. Hoja inayojengwa ni kwamba katika kila hatua ya mageuzi haya, dola ndiyo iliyoongoza. Iliongoza wakati wa ukoloni, iliongoza chini ya chama kimoja, na imeendelea kuongoza chini ya vyama vingi. Uongozi huo umeleta mafanikio ambayo hayapaswi kubezwa. Hata hivyo, umeacha tatizo moja la msingi ambalo halijapata ufumbuzi: anayetengeneza kanuni za mchezo ni mmoja wa wachezaji. Maneno ya Kiswahili yanayotumika katika uchaguzi yamehifadhi kumbukumbu ya tatizo hilo kwa uaminifu kuliko hotuba nyingi za kisiasa.

2.0 Msamiati Kabla ya Sanduku

Maneno matatu yanafaa kutazamwa kabla ya kuingia katika historia yenyewe. La kwanza ni kura. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kitu kinachotumiwa kuamua jambo kwa bahati nasibu. Ndiyo maana tafsiri za Biblia za Kiswahili hutumia usemi kupiga kura mahali ambapo watu wanagawana kitu kwa kubahatisha. Katika maana hiyo ya kale, uamuzi hautoki kwa mtu; unatoka kwa Mungu au kwa bahati. Sheria za uchaguzi za karne ya 20 ziliigeuza maana hiyo: kura ikawa kauli ya mtu mmoja mmoja, anayeitoa kwa siri na kwa hiari yake.

Neno la pili ni mgombea. Hili linatokana na mzizi wa Kibantu -gomba, wenye maana ya kuteta au kubishana, ambao ndio uliozaa gombana na ugomvi. Mgombea, kwa hiyo, ni mtu anayeteta ili apate kitu. Neno la tatu ni tume. Mzizi wake ni -tuma, na katika Kiswahili cha zamani tume alikuwa mjumbe, mtu aliyetumwa na mwingine. Leo neno hilo hutaja chombo kinachokabidhiwa kazi maalumu, ikiwemo kazi ya kusimamia uchaguzi. Swali ambalo neno lenyewe linaliibua, yaani tume hiyo imetumwa na nani, litarejewa mwishoni.

3.0 Kura Tatu: Sheria ya Mkoloni

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, lakini kwa muda wa miongo mitatu wajumbe wake waliteuliwa na Gavana. Waafrika wa kwanza, machifu wawili, waliingia mwaka 1945 kwa uteuzi. Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, chini ya sheria iliyobuniwa na serikali ya Gavana Edward Twining.

Sheria hiyo ilikuwa na masharti mawili yaliyoitambulisha. Kwanza, mpiga kura alitakiwa awe na umri wa miaka 21 na awe na sifa za elimu, kipato au cheo: elimu ya kufikia darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe ameshika wadhifa uliotajwa na sheria. Pili, kila mpiga kura alilazimika kuwachagua wagombea watatu kwa mara moja, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Aliyemchagua mmoja tu wa rangi yake, kura yake haikuhesabiwa. Utaratibu huo ndio uliokuja kujulikana kwa Kiswahili kama kura tatu.

Kwa masharti hayo, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1957 iliikadiria kuwa na watu wapatao milioni 8.7, walioandikishwa walikuwa takriban 60,000 tu. Wanawake wa Kiafrika, ambao wengi wao walikuwa wamenyimwa elimu ya darasa la nane na hawakuwa na ajira za mshahara, waliachwa nje kwa wingi zaidi, ingawa mchango wao katika kukijenga chama cha TANU ulikuwa mkubwa.

TANU ilikabiliwa na mtihani mgumu. Kushiriki kulimaanisha kukubali sheria ya ubaguzi. Kususia kulimaanisha kuwaachia viti wagombea wa chama cha UTP, kilichokuwa kikiungwa mkono na serikali. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 uliamua kushiriki, na uamuzi huo uliingia katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Matokeo yalikuwa kinyume cha matarajio ya watunga sheria. Wagombea walioungwa mkono na TANU, wakiwemo Waasia na Wazungu, walishinda, na UTP haikuambulia kitu. Sheria iliyokusudiwa kuwagawa wapiga kura kwa rangi iliishia kuwapa wapiga kura wa Kiafrika nafasi ya kuamua ni Mzungu yupi na Mwasia yupi angeingia barazani.

4.0 Kusoma Kiswahili Kama Sifa ya Mpiga Kura

Baada ya matokeo hayo, Gavana mpya, Richard Turnbull, alikubali kuwa mpango wa kura tatu hauna maisha. Kamati iliyoongozwa na Richard Ramage ilipendekeza mabadiliko, na uchaguzi wa Agosti 1960 ukafanyika chini ya sheria nyingine. Baraza lilikuwa na viti 71 vya kuchaguliwa. Kati ya hivyo 50 vilikuwa wazi kwa watu wa rangi zote, 11 vilitengwa kwa Waasia na 10 kwa Wazungu.

Kwa wanafunzi wa taaluma za Kiswahili, jambo kubwa katika sheria hiyo ni sifa za mpiga kura. Kipato kilichotakiwa kilishushwa hadi pauni 75 kwa mwaka, na sharti la darasa la nane likabadilishwa na sharti la kujua kusoma na kuandika kwa Kiingereza au Kiswahili. Hivyo kwa mara ya kwanza Kiswahili kiliwekwa na sheria kuwa mlango wa kuingilia kwenye haki ya kisiasa. Mtu aliyejifunza kusoma katika shule ya misheni ya kijijini, katika madarasa ya jioni ya TANU, au kwa kusoma magazeti ya Kiswahili, sasa alikuwa mpiga kura sawa na karani wa serikali anayejua Kiingereza. Idadi ya walioandikishwa iliruka kutoka takriban 60,000 hadi kiasi cha 885,000 katika muda usiofika miaka miwili.

Hata hivyo, upanuzi huo haukumaanisha kwamba wote walipiga kura. Katika majimbo 58 wagombea wa TANU walipita bila kupingwa. Ushindani ulikuwepo katika majimbo 13 tu, na TANU ilipoteza kiti kimoja, cha Mbulu, kwa mgombea binafsi Herman Sarwatt, ambaye mwenyewe alikuwa mwanachama wa TANU. Idadi kubwa ya wananchi walioandikishwa kwa mara ya kwanza katika maisha yao hawakupata hata nafasi ya kutumbukiza karatasi kwenye sanduku. Usemi kupita bila kupingwa, ambao ungerudi mara nyingi katika siasa za nchi, uliota mizizi hapo.

5.0 Zama za Siasa Zanzibar

Upande wa Zanzibar, uchaguzi ulianza mapema kidogo, mwaka 1957, kwa viti sita. Kipindi kilichofuata hadi mwaka 1964 hukumbukwa na wazee wa Unguja na Pemba kwa jina la zama za siasa. Jina hilo linajitosheleza: siasa ilionekana kama zama, msimu uliokuja na kuvuruga ujirani, ndoa na hata shughuli za mazishi.

Uchaguzi wa Januari 1961 ulimalizika bila mshindi wa wazi. Chama cha Afro-Shirazi kilipata viti 10, Chama cha Hizbu (ZNP) viti 9, na ZPPP viti 3. Jimbo moja likaongezwa, na uchaguzi ukarudiwa Juni 1961, ambapo ASP na Hizbu walipata viti 10 kila kimoja na ZPPP vikabaki 3. Vurugu zilizofuatana na uchaguzi huo wa Juni zilisababisha vifo vya watu 68. Katika uchaguzi wa Julai 1963, uliofanywa kwa haki ya watu wazima wote kupiga kura, ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote, lakini ilipata viti 13 tu kati ya 31. Serikali iliundwa na vyama vya ZNP na ZPPP vilivyokuwa na viti 18 kwa pamoja. Miezi michache baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi.

Chanzo cha Mapinduzi kilikuwa kipana kuliko hesabu za viti, na itakuwa kosa kuyaeleza kwa sababu moja. Hata hivyo, kisa cha mwaka 1963 kinafundisha jambo kuhusu sheria za uchaguzi. Utaratibu unaweza kufuatwa hadi nukta ya mwisho, na bado matokeo yakaonekana si ya haki machoni pa waliokuwa wengi, kwa sababu mipaka ya majimbo, ambayo mpiga kura haioni kwenye karatasi yake, ndiyo iliyoamua.

6.0 Jembe na Nyumba

Tanganyika huru ilifanya uchaguzi wa Rais Novemba 1962. Julius Nyerere alimshinda Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura. Ushindi wa namna hiyo ulizua swali la kweli: kama chama kimoja hakina mpinzani, mwananchi atakuwa na uchaguzi gani? Januari 1964 Rais aliunda Tume chini ya uenyekiti wa Rashidi Kawawa. Tume hiyo haikuulizwa kama nchi iwe ya chama kimoja. Uamuzi huo ulikwishafanywa. Iliulizwa demokrasia itapatikanaje ndani ya chama hicho.

Jibu lilikuwa utaratibu wa mwaka 1965, ambao huenda ndio ubunifu mkubwa zaidi wa sheria za uchaguzi uliowahi kufanywa nchini. Katika kila jimbo mkutano wa wilaya wa TANU uliwapigia kura walioomba, na Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili. Hao wawili walizunguka jimboni pamoja, wakasimama jukwaa moja, wakapewa muda sawa. Hawakuruhusiwa kufanya mikutano yao wenyewe wala kutumia fedha kujinadi. Walikatazwa kugusa kabila, dini au rangi. Kadhalika, walitakiwa kutumia Kiswahili na si lugha nyingine. Kwa kuwa sharti la kusoma lilikuwa limeondolewa na wapiga kura walioandikishwa walizidi milioni 3, karatasi ya kura ilibeba alama mbili ambazo mkulima yeyote alizifahamu: jembe na nyumba.

Utaratibu huo ulifanya kazi kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Mawaziri walianguka, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Amir Jamal, mtu wa asili ya Kiasia, alichaguliwa Morogoro. Sharti la kutumia Kiswahili nalo lilikuwa na matokeo ya kudumu. Mgombea aliyetaka kueleza bei ya pamba, maji ya bomba au ushirika alilazimika kuyapata maneno hayo kwa Kiswahili, na wasikilizaji walilazimika kumpima kwa lugha hiyo. Yapo maendeleo ya msamiati wa siasa ambayo hayakutokana na kamati za istilahi bali na majukwaa ya kampeni.

Alama zenyewe, hata hivyo, hazikubaki kimya. Jembe lilikuwa chombo cha kazi, na serikali ilikuwa ikihimiza kazi. Nyumba ilikuwa maskani na usalama. Wagombea walizitafsiri kwa manufaa yao, na ikabidi wasimamizi wakemee tafsiri hizo. Hapa dola iligundua jambo ambalo washairi wa Kiswahili walilijua tangu zamani, kwamba hakuna picha isiyo na fumbo.

Kwa upande wa urais mambo yalikuwa tofauti. Mgombea alikuwa mmoja, na mpiga kura aliulizwa Ndiyo au Hapana. Katika mazungumzo ya mitaani ilisemwa kwamba Rais anagombea na kivuli. Utani huo ulibeba ukosoaji: ushindani uliokuwa halali katika jimbo haukuwa halali katika ngazi ya juu. Mfumo huo uliendelea, pamoja na marekebisho, katika chaguzi za 1970, 1975, 1980, 1985 na 1990. TANU na ASP ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, umri wa kupiga kura ukashushwa hadi miaka 18, na mwaka 1985 Bunge likatunga Sheria ya Uchaguzi Namba 1 iliyoendelea kutumika, kwa marekebisho mengi, kwa karibu miongo minne.

7.0 Vyama Vingi na Mipaka ya Mageuzi

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Kiasi cha asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo, Tume ilipendekeza vyama vingi, kwa hoja kwamba wachache waliotaka mabadiliko walikuwa na haki ya kusikilizwa na kwamba wengi kati ya waliotaka chama kimoja walitaka pia kirekebishwe sana. Aidha, Tume iliorodhesha sheria 40 ilizoziona kuwa kandamizi. Katiba ilirekebishwa, Sheria ya Vyama vya Siasa Namba 5 ya mwaka 1992 ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992, na Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikaundwa mwaka 1993.

Mageuzi haya nayo yalitoka juu. Dola ilichukua pendekezo la vyama vingi, lakini sheria kadhaa kati ya zile 40 zilibaki. Sheria iliendelea kumtaka kila mgombea adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana naye, lakini Katiba ikarekebishwa ili kulirudisha. Mahakama Kuu ilikubaliana naye tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo mwaka 2010. Kisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaamua tarehe 14 Juni 2013 kwamba sharti hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Herman Sarwatt wa mwaka 1960, aliyeshinda akiwa mgombea binafsi chini ya sheria ya mkoloni, asingeruhusiwa kugombea chini ya sheria ya nchi huru.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, wa Oktoba 1995, ulionesha pia pengo kati ya sheria na vitendea kazi. Katika majimbo ya Dar es Salaam karatasi na vifaa vilichelewa kufika vituoni, uchaguzi ukafutwa na kurudiwa Novemba. Zanzibar, mgombea wa CCM alitangazwa kupata asilimia 50.2 na wa CUF asilimia 49.8, matokeo yaliyozua mgogoro mrefu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000 na mauaji ya Januari 2001, vyama hivyo viwili vilitia saini Muafaka wa Oktoba 2001, ulioelekeza Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar irekebishwe na daftari la kudumu litengenezwe.

8.0 Takrima: Neno Lililoingia Sheriani na Kutolewa

Hakuna mfano unaoonesha uhusiano wa lugha na sheria ya uchaguzi vizuri kuliko neno takrima. Katika Kiswahili takrima ni ukarimu, heshima anayopewa mgeni. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuruhusu kitu ambacho mgombea angekitoa kwa nia njema kama ukarimu wa kijadi, kisihesabiwe kuwa rushwa. Kwa Kiswahili marekebisho hayo yakajulikana kama sheria ya takrima.

Hila ya marekebisho hayo ilikuwa katika uteuzi wa neno. Kila Mswahili anajua kwamba mwenyeji humkirimu mgeni. Katika kampeni, hata hivyo, mgombea ndiye anayefika kijijini kuomba, na wapiga kura ndio wenyeji. Kumwita mgeni anayegawa pilau, kanga na fedha kuwa mkarimu ni kugeuza maana ya neno juu chini. Asasi za haki za binadamu zilifungua kesi, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilimpendelea mgombea mwenye mali dhidi ya asiye nayo. Neno lilitoka sheriani. Hata hivyo, lilibaki mitaani, na mpaka leo mtu akisema takrima, msikilizaji huuliza moyoni kama ni ukarimu au ni kitu kingine.

9.0 Daftari, Mashine na Lugha ya Sheria

Hadi mwaka 2000 wapiga kura waliandikishwa upya kabla ya kila uchaguzi. Mwaka 2004 Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilianza kuandaa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililotumika katika uchaguzi wa mwaka 2005. Mwaka 2015 ulikuja uandikishaji kwa alama za vidole na picha za kielektroniki, ukianzia Makambako, na zaidi ya watu milioni 23 waliandikishwa. Kadi mpya ya mpiga kura ilipata jina la utani, kichinjio, kwa maana ya chombo ambacho mwananchi angekitumia kumwangusha asiyemtaka. Zanzibar, uandikishaji uliambatanishwa na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na sheha akawa na sauti kubwa katika kuthibitisha nani ni mkaazi. Teknolojia ilikuwa ya kisasa, lakini mlango wake ulilindwa na ofisa wa serikali.

Kwamba mashine haitoshi ilithibitika mwaka huohuo. Tarehe 28 Oktoba 2015, kura za Zanzibar zikiwa zimekwishapigwa na matokeo ya majimbo kadhaa kutangazwa, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar aliufuta uchaguzi wote. Ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, na CUF ikaususia. Katika ngazi ya Muungano, Ibara ya 41(7) ya Katiba ilikuwa ikizuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume kumtangaza mshindi. Mahakama ya Afrika iliamua mwaka 2020 kwamba kizuizi hicho kinakiuka Mkataba. Nchini Kenya, kwa kulinganisha, nchi ambayo neno mlolongo lilipata maana chungu baada ya watu kupigishwa foleni hadharani mwaka 1988, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais tarehe 1 Septemba 2017 kwa sababu utaratibu haukufuatwa.

Mageuzi mengine yalihusu lugha yenyewe. Bunge la Tanzania lilijadili kwa Kiswahili tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na Katiba ya mwaka 1977 iliandikwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, sheria nyingi, pamoja na ile ya uchaguzi, zilitumika mahakamani kwa Kiingereza. Mwananchi aliyewekewa pingamizi alihitaji mkalimani ili ajue haki yake. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka 2024, baada ya kikosi kazi kilichoongozwa na Profesa Rwekaza Mukandala kutoa mapendekezo, Bunge lilitunga kwa Kiswahili Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Namba 1 na Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi Namba 2. Mgombea pekee wa ubunge au udiwani sasa alitakiwa kupigiwa kura. Kupita bila kupingwa, kulikoanza mwaka 1960 na kurejea kwa kishindo mwaka 2020, kulifutwa katika ngazi hizo. Tume nayo iliongezewa neno huru katika jina lake.

Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulikuwa mtihani wa kwanza wa sheria hizo katika ngazi ya taifa. Daftari lilikuwa na majina zaidi ya milioni 37. Chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwemo. Tume ilikwishasema kwamba kwa kutosaini kanuni za maadili kimejiondoa, na mwenyekiti wake alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Siku ya kura yalizuka maandamano, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje usiku ikatolewa Dar es Salaam, na watu wakapoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa takriban asilimia 98, kiwango kinachofanana na kile cha mwaka 1962. Mwezi uliofuata serikali iliunda tume ya kuchunguza yaliyotokea.

10.0 Hitimisho

Katika muda wa miaka 67 dola imeifikisha nchi mbali. Kutoka wapiga kura 60,000 waliochujwa kwa darasa na kipato, daftari limefika mamilioni. Kutoka sheria ya Kiingereza iliyomlazimisha mtu achague kwa rangi, imepatikana sheria inayosomeka kwa lugha ya mkulima na mvuvi. Anayedai kwamba hakuna kilichobadilika hajaisoma historia hii.

Hata hivyo, mageuzi hayo yamekwenda kwa kasi mbili. Vyombo vya kupigia kura, yaani karatasi, alama, kadi, daftari na mashine, vimebadilishwa mara kwa mara na kwa ubunifu. Mamlaka juu ya vyombo hivyo, yaani nani anaruhusiwa kugombea, nani anasimamia, na nani anaweza kuhoji matokeo, yamebadilika polepole, na mara nyingine yamerudi nyuma. Pale ambapo mwananchi alipewa kitu halisi cha kuamua, kama mwaka 1965 alipoweza kumwangusha waziri kwa jembe au nyumba, aliheshimu utaratibu hata ndani ya mfumo wa chama kimoja. Pale ambapo uamuzi ulionekana kufanyika kabla hajafika kituoni, vifaa bora zaidi havikumridhisha.

Kiswahili kimeshiriki katika safari hii kama mlango, kama jukwaa, na mwisho kama maandishi ya sheria yenyewe. Sheria iliyoandikwa kwa lugha ya watu ina faida moja ambayo watunga sheria hawawezi kuizuia: kila mtu anaweza kuipima kwa maana ya maneno yake. Aliyesoma neno takrima alijua lilipopindishwa. Anayesoma neno huru atalipima vivyo hivyo, na anayesoma neno tume anajua kwamba ndani yake kuna mtumaji. Kwa miaka mingi mtumaji huyo amekuwa dola. Kazi ya mageuzi yanayokuja ni kuhakikisha kwamba mtumaji ni mpiga kura.